Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ufukwe wa Mwanza: bembea ambazo fundi wa Mabatini anaweza kuzifungua

Kwa Waheshimiwa mnaopanga matumizi ya ardhi ya mwambao wa ziwa,
Mwanza.

YAH: OMBI LA BUSTANI YA BEMBEA NA MICHEZO UFUKWENI

Waheshimiwa, mwangaluka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko Mabatini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Natengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya bweni, na mara moja moja matoroli ya kubebea samaki pale Mwaloni Kirumba. Barua pekee niliyowahi kuandika serikalini ni ya kuomba leseni ya biashara, kwa hiyo nikikosea utaratibu mnivumilie. Ninachoomba ni hiki: Mwanza ipate bustani ya bembea kando ya ziwa, na bembea zake ziwe za aina ambayo fundi wa hapa anaweza kuzifungua kwa spana na kuzifunga tena.

Siku ya pili ya Krismasi niliwatoa watoto. Wangu watatu na wawili wa jirani. Mahali penyewe sipataji, maana kosa ninalolisema si la mtu mmoja. Getini mkubwa alilipa elfu tano na mtoto elfu tatu, jumla elfu ishirini kabla hatujaonja hata barafu ya ukwaju. Ndani kulikuwa na bembea ya kuzunguka yenye farasi kumi na sita, imepakwa rangi ya dhahabu, maandishi yake ya lugha ambayo hata sikuitambua. Imesimama. Kijana aliyekuwa zamu akaniambia, "Mzee, inasubiri spea kutoka nje."

Nikamwomba niione mota. Nikainama, nikazungusha shafti kwa vidole. Ikatoa ule mkwaruzo kama mtu anayesaga changarawe kwa meno, na kila fundi anaujua: beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti, imekufa. Namba yake ilikuwa bado inasomeka, 6205. Waheshimiwa, beringi ya 6205 ina kipenyo cha milimita 52, inaingia kwenye mfuko wa shati na kalamu juu yake. Ni beringi ya kawaida kabisa ya mota za umeme, kwenye maduka ya spea hapa mjini naipata kabla chai haijapoa. Nikamwambia kijana ningeibadilisha jioni ile ile. Akatazama huku na huku, akasema, "Baba, ukiigusa nafukuzwa mimi." Nikamwelewa. Nikajifuta mikono.

Mtoto wangu wa mwisho hakuelewa habari za beringi. Alikaa juu ya farasi mmoja aliyekatika sikio, karibu saa nzima, akijitikisa mbele na nyuma na kuliguna lile sauti la injini kwa mdomo. Akikaribia kona alikuwa anapunguza mwendo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nachora. Nachora nyuma ya risiti, nachora kwa chaki sakafuni pa karakana mpaka vijana wangu wanairuka michoro wasiifute. Naomba niwasimulie nilichochora.

Katikati kuna gurudumu. Lile kubwa linalosimama wima, watu wamekaa kwenye viti, likawapandisha upande huu na kuwashusha upande ule. La kwanza la aina hiyo lililovuma duniani lilisimamishwa Chicago mwaka 1893 na George Ferris, kwenye maonesho makubwa, ili Marekani nayo iwe na kitu cha kulijibu Mnara wa Eiffel wa Paris. Lilikuwa na urefu wa mita 80, vyumba 36, kila chumba watu 60. Ekseli yake peke yake ilikaribia mita 14. Lakini kilichonifurahisha mimi si ukubwa. Ni kwamba Ferris alikuwa mtu wa madaraja: kampuni yake ilikuwa inakagua vyuma vya reli na madaraja. Gurudumu lile ni daraja lililokunjwa likaungwa ncha kwa ncha. Na sisi hapa tumetoka kushuhudia daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege na chuma juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Wapo vijana wa mkoa huu waliofunga nondo pale na kuchomelea pale. Wengine sasa wanaendesha bodaboda. Ujuzi nao huota kutu.

Silitaki la mita 80. Mita 20 zinatosha, viti kumi na viwili, watu wanne kila kiti. Watu husema litakula umeme. Halili. Gurudumu lililosawazishwa vizuri, upande unaoshuka ndio unaoubeba upande unaopanda, na mota kazi yake ni kusukuma ile tofauti ndogo inayobaki na kushinda msuguano wa beringi. Umeme ukikatika (nao tunaujua) liwe na mnyororo, gia za kupunguza mwendo na mkono wa chuma, watu wawili walizungushe taratibu mpaka wa mwisho ashuke. Nimeshayapiga hayo mahesabu. Mhandisi aliyesajiliwa ayapige upya, na akinikosoa nitashukuru, kwa sababu geti likianguka linavunja mguu wa mtu mmoja lakini hiki ni kitu kingine.

Kuna jambo moja ambalo wenzetu wa pwani watatuonea wivu. Niliwahi kufanya kazi Dar es Salaam miaka miwili, upande wa baharini. Geti unalipaka rangi Januari, Desemba limeshaanza kutoa mapele. Chumvi. Bustani zote za bembea zilizoko kando ya bahari ugomvi wake wa kila siku ni huo. Sisi maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Unyevu upo, kutu ipo, lakini chuma cha Mwanza kikipigwa praima sawasawa kinazeeka kwa heshima.

Hata hivyo kisiachwe tu. Kule Coney Island, New York, kuna gurudumu la mwaka 1920 ambalo mpaka leo linazunguka, na kila majira ya baridi viti vyake hushushwa vyote chini. Zaidi ya miaka mia moja! Sisi baridi hatuna, lakini masika tunayo. Bustani ifunge gurudumu wiki mbili mvua zikiwa nyingi, tuling'oe viti, tukague kila pini na kila welding, tupige grisi. Hizo wiki mbili ziandikwe kwenye mkataba, zisiachiwe huruma ya msimamizi.

Sasa ng'ombe.

Hapo hapo Coney Island, mwaka 1897, George Tilyou alifungua bustani ambamo watu walipanda farasi wa mbao juu ya reli na kushindana kuteremka. Kilichokuwa kinawakimbiza farasi wale ni mteremko, yaani uzito wa mpandaji mwenyewe. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Kama kuna mji umejaliwa miteremko ni huu! Watu wa nje wanauita Jiji la Miamba wakilitazama Jiwe la Bismarck pale karibu na Kamanga (ambalo hadi leo tunaliita kwa jina la Mjerumani, lakini hayo tuyaache). Sisi tunaoishi Mabatini tunajua mawe ni nini: ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni, na ngazi hazina mwisho. Safari hii tuuambie mlima ututumikie kidogo.

Wala tusiweke farasi. Farasi mtoto wa Usukumani kamwona wapi? Tuweke ng'ombe. Ng'ombe sita wa mbao ya mvule, wenye nundu, pembe za bomba la nchi moja ndizo za kushikia. Mmoja mweusi, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa, na kadhalika, ili kila mtoto awe na wake anayemdai. Reli sita zinashuka kati ya mawe, zinapinda mara mbili, halafu mwishoni zinapanda kidogo ng'ombe apunguze mwendo mwenyewe, na mbele yake kuna ukuta wa matairi ya lori kwa mwenye kichwa kigumu. Wichi moja inawarudisha juu. Mwenye uzito mkubwa hushinda, hilo siwezi kulirekebisha. Kwa hiyo watu wazima washindane wenyewe kwa wenyewe.

Najua mtaniuliza habari ya sheria, na mna haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wengi huiona hiyo kama kikwazo. Mimi naiona kama mchoro uliokwisha kuchorwa nusu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, mwaka 2024 likapanda tena, na sote tuliona vibanda vya watu vikisimama ndani ya maji kama vinasubiri kivuko. Mimi mwenyewe niliitwa kutoa mashine ya welding ya rafiki yangu kwenye maji ya magotini. Ziwa lina sitini zake, linakuja kuzichukua likizihitaji. Basi gurudumu na reli za ng'ombe vikae juu, nyuma ya mita 60. Mbele kubaki mchanga, nyasi, miti, na vitu vya kubeba tu: mabenchi, nyavu za mpira, bembea za kamba zinazofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni.

Na kuwe hakuna ukuta. Hapa ndipo nitakapokuwa mkaidi kidogo, na ninyi mnaweza kuchukia. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na bado mtoto wa Igogo au wa Mkuyuni anaweza kumaliza likizo nzima akilitazama kwa kuchungulia kati ya nyumba. Kuingia kuwe bure. Mtu alipie chombo anachokipanda, kwa tiketi, mia tano au elfu moja. Asiye na kitu akae kwenye nyasi aangalie gurudumu likizunguka. Nalo kulitazama ni burudani, waulizeni wanaokwenda uwanja wa ndege kutazama ndege. Najua hesabu ya mwekezaji ni geti. Mimi ndiye ninayetengeneza mageti, ningekuwa wa kwanza kupata kazi. Lakini pale nilipokwenda Krismasi nilihesabu watoto kumi na wanne nje ya geti, wameshika grili kwa mikono miwili, na grili yenyewe nilitambua welding yake. Haikuwa yangu, ila ningeweza kuwa mimi.

Kuhusu kuogelea nitasema kwa sauti ya chini, maana kila familia hapa ina mtu aliyewahi kumeza vidonge vya kichocho shuleni. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, ndipo hapo hapo watoto wanapopenda. Ukiwaambia wasiingie wakati kuna joto na maji yako mbele yao, unapoteza mate. Tuwajengee bwawa. Maji yavutwe ziwani yapitie kwenye chujio, yakae kwenye matenki siku mbili yakiwa hayana konokono, vijidudu vile vinakufa vyenyewe kwa kukosa mwili wa kuingia, halafu yatiwe klorini kabla ya kushuka bwawani. Matenki mawili ya kupokezana, moja linapumzika, moja linatumika. Mabomba hayo hata si kazi kubwa.

Chakula sitawaandikia, akina mama lishe hawahitaji mpango wa mtu. Wapeni maji ya bomba, meza za zege na mahali pa kumwaga majivu. Sato, mihogo, michembe na chai ya tangawizi vitajileta vyenyewe. Ninachoomba tu ni kwamba wasiondolewe siku ya ufunguzi kwa ajili ya mazulia mekundu.

Jukwaa liwepo, la udongo, siyo la vigae, maana bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma, huchezwa na majembe, na jembe likirushwa likadondoka kwenye vigae sitaki kuitwa kuja kuokota vipande. Wale wa Bujora wana Bulabo yao, sikukuu ya ngoma, kila Juni; Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanavutana watu mpaka jua linazama. Mwezi mmoja unatosheleza Bujora. Miezi mingine waje huku. Ila spika kubwa zisielekezwe Saanane. Kile kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, nao swala na pimbi wa kule hawajaomba muziki wetu.

Usiku ndio umenifanya niiandike barua hii badala ya kuiacha sakafuni na chaki. Mtu akiwa juu ya gurudumu la mita 20, usiku wa giza, mwezi haujatoka, ataona kitu ambacho huku chini tunakikosa: taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai tupu, siku hizi nyingi ni za sola na betri, lakini mstari ni ule ule, mamia ya taa juu ya maji meusi, kama kuna mji mwingine ng'ambo ambao umeme wake haukatiki. Babu zetu waliuona wakiwa juu ya mawe. Sisi tutapanda kuuona kwa tiketi ya elfu moja.

Halafu mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawafuati taa. Wavuvi wanarudi, wanashona nyavu, wanakaa nyumbani. Basi siku hizo za mbalamwezi gurudumu liwe lao. Mvuvi na mkewe na watoto wapande bure usiku mmoja kila mwezi, waone kwa juu maji wanayoyajua kwa chini. Sijui kama kuna bustani yoyote duniani yenye ratiba ya namna hiyo. Iwe ya kwetu.

Ziwa lina hasira zake pia. Upepo wa ghafla na radi vinajulikana kwa kila mwenye mtumbwi. Gurudumu liwe na waya wa kuzuia radi ulioshushwa ardhini vizuri, kipima upepo, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "simamisha" ambaye hata mwenye bustani hawezi kumpinga. Huyo mtu alipwe mshahara hata siku ambazo hakuna tiketi iliyouzwa, asije akaona dhoruba akaiita mawingu.

Na idadi ya watu. Hapa Mwanza hatuna haja ya kufundishwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija kwetu kutoka Bukoba, imebeba kupita uwezo wake, na makaburi yapo Igoma, daladala zinapita hapo kila siku. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka mwalimu aliita majina asubuhi, akafika jina moja, akanyamaza, akaruka. Kwa hiyo kila kiti, kila ng'ombe, kila boti ndogo ya bwawani, namba ya watu isiandikwe kwa rangi. Rangi hufutika, na mwenye tamaa huisaidia kufutika. Iandikwe kwa welding, herufi zimevimba juu ya chuma: WATU 4. Mtu akitaka kuifuta atumie grenda, na grenda inapiga kelele mtaa mzima.

Waheshimiwa, sijataja kiwanja. Viwanja mnavijua ninyi. Ningeomba tu pawe mahali ambapo mtu wa Buhongwa au wa Igoma anafika kwa daladala moja, mbili zikizidi, na mtu wa Sengerema au Ukerewe akishuka kwenye chombo asihitaji bajaji ya elfu kumi. Bajeti pia sijaandika, kwa sababu bei ya chuma ikipanda kesho nitaonekana mwongo. Nilicho nacho ni michoro kumi na mmoja na mfano mmoja.

Mfano huo niliutengeneza kwa rimu mbili za baiskeli, bomba chakavu na vikombe kumi na viwili vya mtindi. Unazunguka kwa mkono. Ekseli yake nimeiwekea beringi mbili za 6205, ni kubwa kupita kiasi kwa kitu kidogo kama kile, lakini nilikuwa na sababu yangu. Yule mtoto wangu wa mwisho amemweka mwanasesere kwenye kila kikombe, na kikombe cha saba amekataa kisipandwe na mtu kwa sababu pini yake nilisema haijakaza.

Niko tayari kuuleta ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia. Shida ni moja. Ukiwa umesimama na miguu yake una upana wa sentimita 97, na milango mingi ya ofisi, kwa ninavyoijua kazi yangu, ni sentimita 90. Naomba mnijulishe mapema kama ukumbi wenu una mlango wa mbao mbili, ili nisije nikaanza kuufungua miguu mbele ya sekretari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa kuchomelea,
Mabatini, Mwanza.